Mti Huhesabiwa Kabla ya Kukatwa

Wanachama wetu, huko Ufini, nchi ya theluji, wanafunzi wa misitu wa Chuo Kikuu cha Helsinki husomea humo humo msituni, katika kituo cha Hyytiälä kilichoanzishwa mwaka 1910. Huutoboa msonobari kwa keekee yenye tundu, wakatoa kijiti chembamba kama penseli, wakahesabu pete zake. Kila pete ni mwaka mmoja, maana wakati wa baridi mti hulala. Pete za karibuni zikiwa nyembamba, huenda miti imesongana, yataka kupunguzwa. Na msitu ukivunwa wote, sheria humtaka mwenyewe ahakikishe miche mipya imeota. Msonobari hukomaa kwa miaka 60 au zaidi. Apandaye humpandia mjukuu. Nasi wenye mikarafuu tujiulize: mti mkongwe ukianguka, mche wake u wapi?