Bolti ya Nyuma Ikikatika: Mambo ya Kuzingatia Kabla Gari Halijarudi Barabarani

Siku ya soko Ishiara, gari dogo hubeba abiria, magunia ya ndengu, maembe, na wakati mwingine mbuzi wawili watatu. Sehemu kubwa ya mzigo huo huyaelemea magurudumu ya nyuma, na ekseli inayobeba magurudumu hayo hushikiliwa kwenye bodi kwa bolti chache tu. Moja ya bolti hizo ikikatika, ekseli inaweza kusogea kutoka mahali pake huku gari likiwa mbioni.

Hitilafu hii si ngeni kwa mafundi wa jua kali, na inaweza kutengenezwa vizuri bila kulipeleka gari mbali. Hatari huja pale bolti yoyote yenye unene unaofanana inapotiwa ili safari iendelee.

Kwa nini hukatika

Kazi kubwa ya bolti hii ni kubana vyuma viwili visisogee. Nati ikilegea, vyuma huanza kucheza, na kila gurudumu linapoingia shimoni au kugonga jiwe bolti hupinda kidogo na kunyooka. Baada ya kupinda mara maelfu, ufa mdogo huanza na kukua polepole. Mzigo uliozidi kiasi huuharakisha, na kutu hufanya vivyo hivyo.

Ndiyo sababu fundi anapaswa kuichunguza sura ya mkatiko kabla ya kuitupa bolti. Sehemu iliyo laini na yenye kutu huonyesha kuwa ufa ulikuwapo kwa muda mrefu. Sehemu yenye chembechembe ni ile iliyokatika mwisho. Ikiwa sehemu laini ndiyo kubwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba nati ilikuwa imelegea au mpira wa bushi umekwisha. Bolti mpya ikitiwa bila kurekebisha chanzo hicho, nayo itakatika.

Dalili

Dereva husikia mgongano wa chuma upande wa nyuma anapopita kwenye matuta au anapokanyaga breki. Gari huvuta upande mmoja, au nyuma yake huyumba kwenye kona. Tairi moja la nyuma huonekana limekaribia bodi kuliko lingine, au huisha upande mmoja. Mwenye gari anayeona mojawapo ya dalili hizi ateremshe abiria na kulisimamisha gari mahali salama. Kuifunga ekseli kwa waya au kamba na kuendelea na safari ni kuhatarisha maisha ya waliomo na ya watembea kwa miguu.

Kutoa kipande kilichobaki

Gari lisitengenezwe likiwa limeshikiliwa na jeki peke yake. Liwekwe juu ya stendi imara, na magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe au vipande vya mbao. Ekseli nayo itegemezwe, kwa sababu springi iliyobanwa inaweza kuruka kwa nguvu.

Mara nyingi kipande cha bolti hubaki ndani ya nati iliyochomelewa kwenye bodi. Kwanza hunyunyiziwa mafuta ya kulegeza kutu na kuachwa kwa saa kadhaa. Kikiwa kimechomoza, fundi anaweza kuchomelea nati juu yake. Joto hukilegeza, kisha hufunguliwa kwa spana. Kikiwa kimekatikia ndani, hutobolewa katikati kabisa kwa drili, kuanzia na msumari mwembamba.

Katika magari mengi tangi la mafuta liko karibu na sehemu hii. Kabla ya kuwasha moto au kuchomelea, betri ifunguliwe, tangi na mipira yake viondolewe au vikingwe kikamilifu, na kizima moto kiwe karibu. Kama hilo haliwezekani, moto usitumike.

Kuchagua bolti mpya

Bolti nyingi huwa na nambari kichwani. Nambari ya kwanza ikizidishwa kwa 100 huonyesha nguvu ya chuma. Bolti ya 8.8 yenye unene wa milimita 12 hukatika ikivutwa kwa nguvu inayokaribia tani 7. Ya 4.6, yenye unene uleule, hukatika kwa takriban tani 3 na nusu. Kwa macho zinafanana, lakini moja ina nusu ya nguvu ya nyingine.

Mnunuzi asiridhike na kulinganisha unene na urefu. Nambari iwe sawa na ya bolti iliyotoka kiwandani, na nyuzi zake ziwe za aina ileile. Isiyo na nambari isitumike hapa. Bolti iliyokatika isiunganishwe kwa kuchomelewa, kwa kuwa joto hubadilisha chuma na kukipunguzia nguvu. Nati ya kujifunga nayo iwe mpya.

Kukaza

Pale bolti inapopita katikati ya bushi ya mpira, hutiwa na kukazwa kidogo gari likiwa juu. Kukaza kwa mwisho hufanywa gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Ikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira hubaki umejipinda na kuchanika mapema. Fundi atumie spana inayopima nguvu ya kukaza na kufuata kipimo cha gari hilo. Baada ya siku chache za kazi, bolti zote za nyuma zikaguliwe tena.

Sheria na wajibu

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza kutumia barabarani gari ambalo hali yake inahatarisha watu. Magari ya abiria na ya biashara hukaguliwa kila mwaka na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA), lakini bolti iliyo salama siku ya ukaguzi inaweza kulegea miezi miwili baadaye. Ukaguzi wa kila wiki ni jukumu la mwenye gari na dereva wake.

Fundi aliyejifunza kazi gerejini anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA), kuanzia gredi ya tatu, na kupata cheti.

Kabla ya kulipa, mwenye gari amwombe fundi mambo matatu: bolti kuukuu, nambari ya bolti mpya, na maelezo ya kilichosababisha mkatiko. Asipopata jibu la hilo la tatu, gari bado halijatengenezwa.