Asante Yenye Nukta

Kamati ya harusi imefungua kundi la WhatsApp. Mjumbe mmoja aliyeahidi laki moja ametuma elfu ishirini, na baada ya dakika chache mweka hazina anaandika: "Asante sana kwa mchango wako." Katika sentensi hiyo hakuna neno baya hata moja. Lakini aliyetuma anaisoma mara mbili, mara tatu, kisha anampigia dada yake amwulize: huyu ananishukuru au ananipiga kijembe?

Wengi watamwambia aache kujishuku. Sayansi iko upande wake. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao nchini Marekani walichapisha majaribio yaliyopima jambo hili hili. Wanafunzi walipewa kazi ya kumfikishia mwenzao sentensi, nyingine za dhati na nyingine za kejeli. Baadhi zilikwenda kwa barua pepe, nyingine kwa sauti. Kwanza waliulizwa: unadhani mwenzako atakuelewa mara ngapi? Wa barua pepe na wa sauti walitoa makadirio yale yale, asilimia 78. Waliosikia sauti walipatia asilimia 73. Waliosoma barua pepe walipatia 56, na mtu anayerusha shilingi hewani na kubahatisha angepata 50.

Kwangu mimi namba nzito zaidi katika utafiti huo ni nyingine. Wasomaji wale wale waliokuwa karibu wanabahatisha walipoulizwa kama wameelewa, walijipa takriban asilimia 90. Mwandishi ana uhakika kwamba shukrani yake imefika kama shukrani. Msomaji naye ana uhakika kwamba ametukanwa. Hakuna anayeona haja ya kuuliza, na ndiyo maana mtu na shemeji yake wanaweza kukaa miaka bila kusalimiana kwa sababu ya neno "Sawa".

Uhakika wa mwandishi unatoka wapi? Mwaka 1990 Elizabeth Newton, akiwa mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Stanford, aliwaomba watu wagonge mezani kwa kidole mapigo ya nyimbo zinazojulikana na kila mtu, ili wasikilizaji wazitambue. Wagongaji walikadiria kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Katika nyimbo 120 zilizogongwa, zilitambuliwa 3. Mgongaji alikuwa anausikia wimbo mzima kichwani, na maneno yake na ala zake. Msikilizaji alisikia ko-ko-ko. Anayeandika "hongera" naye anaisikia sauti yake mwenyewe anapoandika, na hawezi kuizima ili asome ujumbe wake kwa jicho la mgeni.

Hata hivyo maneno yote hayako katika hatari sawa. "Mjinga wewe" haihitaji sauti ili ieleweke. Kauli za adabu ndizo zinazoyumba, na sababu iko katika jinsi kejeli inavyoundwa. Dan Sperber na Deirdre Wilson walieleza mwaka 1981 kwamba mwenye kejeli anarudia, kama mwangwi, maneno ambayo yangestahili kusemwa kama mambo yangekuwa mazuri. Herbert Clark na Richard Gerrig wakajibu mwaka 1984 kwamba anachofanya ni kuigiza mtu mwingine, yule ambaye angeyasema maneno hayo kwa moyo mweupe. Wanabishana juu ya njia, lakini kwa nadharia zote mbili kejeli huishi kwa kuazima maneno mema. Tusi kugeuka pendo kunawezekana pia, kama kwa watani, au babu anayemzodoa mjukuu wake, lakini hapo uhusiano umeshajengwa na kila mtu anaujua. "Hongera yako" haihitaji uhusiano wowote. Mtu yeyote anaweza kumtupia yeyote.

Tena kauli za adabu hutumika pale penye hatari. Penelope Brown na Stephen Levinson, katika nadharia yao ya adabu ya mwaka 1978, walionyesha kwamba lugha ya upole huwekwa mahali ambapo heshima ya mtu inakaribia kuguswa: kudai deni, kukataa ombi, kukumbusha ahadi. Hatumwambii mtu "samahani, naomba nikukumbushe" tunapompa zawadi. Kwa hiyo upole wenyewe humwambia msomaji kwamba kuna jambo, naye anaanza kulitafuta.

Watafiti wa Stanford, akiwamo Cristian Danescu-Niculescu-Mizil, walitoa mwaka 2013 uchambuzi wa maombi zaidi ya 10,000 ambayo wahariri wa Wikipedia na watumiaji wa tovuti za maswali na majibu za Stack Exchange waliandikiana. Watu waliajiriwa kuyapima kwa adabu. Neno la Kiingereza la "tafadhali" likiwa katikati ya sentensi, ombi lilionekana la upole; likiwa mwanzoni kabisa, lilionekana la ukali. Mzungumzaji wa Kiswahili hatashangaa. "Tafadhali lipa" ni amri iliyovaa kanzu. "Naomba unisaidie kulipa" ni ombi.

Hapa sisi wa Afrika Mashariki tuna jambo la kusema, kwa sababu ufundi wa kusema bila kusema tuliulea kabla ya simu za mkononi. Mwanamke wa pwani huvaa kanga yenye jina la kuchoma, akapita mbele ya anayemkusudia, na akiulizwa atajibu kwamba alipenda rangi. Katika taarab, shabiki husubiri ubeti fulani ndipo asimame kwenda kutunza, na ukumbi mzima ukajua anamwambia nani. Mwanaanthropolojia Kelly Askew aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu muziki na siasa Tanzania. Nguvu ya kijembe ni kwamba kinaweza kukanwa. Lakini kanga haikuwa peke yake. Palikuwa na mwendo wa aliyevaa, jicho lililogeuka, mahali alipochagua kupita, na mashahidi waliojua ugomvi ulikoanzia. Aliyelengwa alijua, na asiyelengwa alijua pia kwamba hahusiki.

Simu imeondoa mwendo, jicho na mashahidi, ikaacha uwezo wa kukana. "Mimi nimesema asante tu, kosa langu nini?" Mwenye kijembe anajitetea kwa maneno hayo, na aliyeshukuru kwa dhati anajitetea kwa maneno hayo hayo, neno kwa neno. Asiye na hatia hana tena njia ya kujitofautisha na mwenye hatia. Hili linanihuzunisha kuliko kejeli yenyewe. Kejeli ni haki ya lugha, na wakati mwingine ndiyo silaha pekee ya mnyonge. Hasara ni kwamba shukrani ya kweli sasa inatiliwa shaka.

Watu hawakukaa kimya. Tarehe 19 Septemba 1982, Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alipendekeza nukta pacha, kistari na mabano yawe alama ya uso unaotabasamu, ili utani usichukuliwe kuwa kweli. Kutoka hapo tukafika kwenye emoji, nazo zina matatizo yake: watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliripoti mwaka 2016 kwamba watu wakionyeshwa picha ile ile, karibu mara moja kati ya nne hutofautiana kama ina hisia nzuri, mbaya au haina upande.

Nukta nayo imepata kazi mpya. Danielle Gunraj, Celia Klin na wenzao wa Chuo Kikuu cha Binghamton waliwapa wanafunzi 126 majibu mafupi ya kukubali wayasome. Jibu la simu lililofungwa kwa nukta lilionekana kukosa dhati kuliko lisilo na nukta. Majibu yale yale yakiwa yameandikwa kwa mkono, tofauti haikuonekana. Naona sababu iko wazi. Kwenye karatasi nukta ni sharti la mwandiko. Kwenye simu, kubonyeza kutuma kumeshaufunga ujumbe, kwa hiyo nukta imekuwa hiari, na kila hiari msomaji huitafutia maana. Mwalimu mstaafu aliyefundisha uakifishaji maisha yake yote anaweka nukta kwa heshima. Mpwa wake wa miaka ishirini anaona mjomba amenuna.

Basi sauti ina nini? Henry Cheang na Marc Pell wa Chuo Kikuu cha McGill walipima mwaka 2008 kejeli ya Kiingereza wakakuta sauti inashuka. Mwaka uliofuata walipima Kikantoni, na huko inapanda. Kila lugha ina kiimbo chake, na mgeni hakisikii: wasikilizaji walipopewa kejeli ya lugha wasiyoijua, walibahatisha. Anayekulia ndani ya Kiswahili anaijua "haya bwana" ya kukubali na "haaya bwana" ya kuchoka, bila kufundishwa na mtu.

Kwa jambo zito, deni, msiba au pole iliyochelewa, ningemsihi yeyote atume ujumbe wa sauti au apige simu. Tunaogopa kupiga kwa sababu tunadhani itakuwa aibu. Amit Kumar pamoja na Epley yule yule wa utafiti wa 2005 waliipima hofu hiyo mwaka 2021. Waliwaomba watu wawatafute marafiki wa zamani, wengine kwa simu, wengine kwa barua pepe. Waliopiga walijikuta karibu zaidi na wenzao, aibu waliyoitarajia haikuonekana, na muda waliotumia haukutofautiana sana na wa kuandikiana. Katika jaribio jingine waliwakutanisha watu wasiojuana, baadhi kwa maandishi, baadhi kwa sauti tupu na baadhi kwa video. Waliozungumza waliungana kuliko walioandikiana, na kuonana kwenye video hakukuongeza kitu juu ya kile ambacho sauti peke yake ilikuwa imeshaleta.