Nani Aliyepokea Rupia?

Baneni pua kwa vidole viwili, wajukuu zangu, mfunge na midomo, halafu tuhesabu. Moja, mbili, tatu... Wengi wenu mtaachia kabla ya arobaini. Na hapo mmekaa zenu mkekani, hamna jiwe mguuni wala bahari kichwani!

Sasa mfikirieni kijana mwenye asili ya huku kwetu katika bahari ya Qatar, miaka mia moja iliyopita. Pua imebanwa kwa kibanio cha pembe, kidogo kama cha kuanikia nguo. Shingoni ana kikapu cha kamba. Anakanyaga jiwe, linamzamisha pima kwa pima hadi kwenye chaza. Huko chini anapapasa na kuokota harakaharaka, na pumzi ikikaribia kumwishia anatikisa kamba. Juu ya jahazi yuko mwenzake, kwa Kiarabu anaitwa seib. Kazi yake ni moja tu, kuishika kamba ile na kuivuta. Seib akisinzia, basi tena. Kijana anatweta kidogo pembeni mwa jahazi, kisha anarudi chini. Kutwa nzima ni hivyo, msimu mzima wa joto, lulu zitafutwe.

Alifikaje huko? Alipelekwa, au walipelekwa wazazi wake. Majahazi yalitoka pwani yetu kwa upepo wa kusi, na mengine yalibeba watu pamoja na pembe na boriti. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini biashara haikufa siku ile. Iliendelea kwa kificho, na bandari ya Sur kule Oman ilikuwa moja ya njia zake.

Hapa nataka mnisikilize vizuri. Katika jahazi moja walizama watumwa na watu huru, tena bahari haikuwabagua. Papa hakuuliza nani ni mtumwa. Tofauti ilionekana msimu ulipokwisha, hesabu zilipofungwa. Mzamiaji huru alipata fungu lake, ingawa mara nyingi lilimezwa na deni la nahodha. Fungu la mtumwa lilichukuliwa na bwana wake. Mtu huru, hata akiwa na birika moja na vikombe vitatu, anaweza kuuza chai njiani na faida ikaingia mfukoni mwake. Mtumwa angeweza kupandisha lulu ya kununulia nyumba, asimiliki hata birika.

Miaka ya 1930 biashara ya lulu ikaporomoka. Wajapani walikuwa wamegundua namna ya kumfuga chaza, na dunia nzima ilikuwa katika dhiki ya uchumi. Doha ikaona njaa. Kisha mafuta yakapatikana Dukhan, na mwishoni mwa 1949 meli ya kwanza ikaondoka nayo. Kampuni ya mafuta ilihitaji vibarua, na mabwana wakawapeleka watumwa wao. Mshahara sasa ulitoka kwa Wazungu, lakini sehemu kubwa iliishia kulekule kwa bwana.

Mwaka 1952 mtawala, Sheikh Ali bin Abdullah Al Thani, akaupiga marufuku utumwa. Fidia ikalipwa kwa rupia. Kalipwa nani? Haya, bahatisheni. Walilipwa mabwana! Mimi nimekwisha kuzeeka, na jambo hilo bado halijanishuka kooni.

Mkifika Doha, mtaa wa Msheireb, karibu na Souq Waqif, ulizeni nyumba ya Bin Jelmood. Huyo mwenye jina alikuwa mfanyabiashara wa watumwa. Tangu 2015 nyumba yake ni makumbusho ya utumwa, na kwa nchi za Ghuba, kulizungumza jambo hilo hadharani si kitu cha kila siku. Ingieni polepole, msome.

Usiku, mkibahatika kualikwa harusini, mnaweza kukuta ngoma ya leiwa. Wachezaji huzunguka, zumari likilia katikati. Ni wajukuu wa wale wazamiaji, leo ni Waqatari, na Kiswahili wengi wao hawakijui. Lakini tegeni masikio katika nyimbo zao. Katikati ya Kiarabu litachomoza neno, kisha jingine, nanyi mtageuka kutazamana, maana mtakuwa mmelielewa.