Nani Ataichora Karungu?

Neno manowari lina asili ya kuchekesha. Waingereza waliziita merikebu zao za vita kwa maneno matatu, na wenyeji wa pwani wakayafinyanga yakawa moja, lenye ladha ya Kiswahili hasa.

Nililisikia likitamkwa vizuri juzi huko Rodi Kopany, katika mkahawa mmoja ambao ukutani mwake pametundikwa picha ya manowari ya Marekani ya kubebea ndege. Ndege zaruka kutoka sitahani, moshi mweusi watanda, bahari yawaka. Sina ugomvi na picha hiyo. Imechorwa kwa ustadi. Vijana wawili wa sekondari walinitajia bila kusita vita vya Midway na mwaka wake, 1942. Nilipowauliza juu ya Karungu, walinielekeza kwenye kituo cha matatu.

Hawakukosea, kwani barabara iendayo Ndhiwa hadi Karungu huanzia papo hapo. Lakini Septemba 1914, katika maji ya Karungu, Winifred, meli ya Waingereza iliyozoea abiria na mizigo ya ziwani, ilikabiliana na Muansa, chombo kidogo cha Wajerumani cha kuvutia meli nyingine, kilichofungwa mzinga. Winifred ilirudi nyuma. Ilipokuja tena ikifuatana na Kavirondo, Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondoka. Naam, vita vya majini vilipiganwa hapa petu, kwa meli za kazi zilizovishwa silaha.

Na liko kubwa kuliko hilo. Tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani ikazama kwa dakika chache tu. Walikufa watu wapatao 1,300, wengi wao askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Katika madarasa niliyopata kuyaingia, sijaona ukuta uliobeba picha ya meli hiyo.

Huenda msomaji akauliza: mchoraji atachoraje asichokiona? Tom Lea, mchoraji wa gazeti Life, alisafiri ndani ya manowari Hornet mwaka 1942, akashuka siku chache kabla haijaangamizwa mnamo Oktoba 26. Hakuwapo ilipokufa. Aliichora hata hivyo, na picha zikachapishwa mwaka 1943.

Basi mwalimu wa Kiswahili wa Ndhiwa au Homa Bay na ajaribu muhula ujao: insha moja na mchoro mmoja juu ya siku ile ya Karungu. Mwanafunzi atalazimika kujua omo iko wapi na tezi iko wapi, maneno ambayo wengi wetu huyakariri katika methali tu, kana kwamba si sehemu za chombo. Na wavuvi wazee wa Sori watamwonyesha upepo wa Septemba hutokea upande gani.