Likasi: Mlango wa kontenere ukikatala kufunguka, mara mingi kosa si la kadena

Kakontwe, mjini Likasi, hali hii inajulikana. Mvua inanyesha usiku muzima. Asubuhi mwenye duka anafika na fungula yake, kadena inafunguka bila shida, lakini mlango wa kontenere unakatala. Anavuta, anapiga nyundo, anaita vijana wawili wamusaidie na baramini. Mwishoni mlango unafunguka kwa nguvu na kazi ya siku inaendelea. Jioni sasa, mlango haufungi tena. Mwenye mali analala pembeni ya mali yake, macho wazi.

Watu wanasema « kontenere imezeeka » ao « kadena imekufa ». Mara mingi si vile. Kitu kilichosogea ni udongo.

Kontenere zimekuwa nyingi katika Haut-Katanga na Lualaba kwa sababu ya migodi. Zinatoka bandari ya Dar es Salaam, Durban ao Walvis Bay, zinavuka mpaka Kasumbalesa juu ya magari makubwa, zinaleta mashini, dawa za viwanda, chakula na nguo. Zingine zinarudi na shaba. Zingine hazirudi. Hizo ndizo zinakuwa maduka, depo za sima, ofisi, nyumba za walinzi na hata vyumba vya kunyolea nywele. Ile ndogo, ya futi 20, ina urefu wa mita 6 na upana wa mita 2 na santimita 40 hivi. Hata ikiwa tupu, inapita tani 2. Ilitengenezwa ili ibebe mizigo baharini, na zingine juu yake, bila maji kuingia. Haikutengenezwa ili ikae miaka kumi fasi moja juu ya udongo mwekundu. Hapo ndipo shida inaanzia.

Ukisimama mbele ya milango yake, angalia vizuri. Kuna milango miwili, na kila mmoja una bara mbili za chuma zinazotoka juu mpaka chini. Kwenye ncha za kila bara kuna jino, na jino hilo linaingia ndani ya mdomo wa chuma uliosudewa kwenye fremu, juu na chini. Katikati kuna mkono wa kuvutia. Watu wengi wanafikiri meno haya ni ya kufunga tu. Apana. Jino linafanya kazi sawa kriki: ukizungusha mkono kwa kufungua, jino linasukuma fremu na kuubandua mlango kwenye mpira wake, ukizungusha kwa kufunga, linauvuta mlango na kuukandamiza juu ya mpira ili maji yasiingie. Ndiyo maana kontenere iliyo sawa, hata mama mmoja anaweza kuifungua bila kelele. Ukiona watu watatu wanavuta, ujue kuna kitu kimepinda.

Na meno hayo yanakubali kuingia katika midomo yake kama tu fremu ya mlango iko mraba. Kontenere inapaswa kukaa juu ya pembe zake 4. Kakontwe na kata zingine, wengi wanaitua chini tu, juu ya udongo, ao wanaweka briki mbili upande mmoja na jiwe upande mwingine. Wakati wa kiangazi hakuna shida, udongo uko mgumu. Mvua ikianza, maji ya paa yanatelemuka kwenye pembe, udongo unalainika, pembe moja inazama santimita mbili ao tatu. Santimita mbili, mtu haoni kwa jicho. Lakini mlango unaona. Fremu inalala upande kidogo, jino la chini linagonga nje ya mdomo wake, na mwenye duka anaanza kupiga nyundo. Nyundo inapindisha bara. Sasa shida zimekuwa mbili, na ile ya pili ni ya pesa.

Njia ya kupima iko rahisi. Funga milango yote miwili kadiri unavyoweza, kisha angalia kule juu wanapokutana. Kama mmoja uko chini kuliko mwenzake, pembe ya upande ule ndiyo imezama. Kwa kuhakikisha, chukua kamba, pima kutoka pembe ya juu kushoto mpaka pembe ya chini kuume, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vikiwa sawa, fremu iko mraba. Visipokuwa sawa, usiguse mlango kwanza. Tafuta kriki ya gari kubwa, iweke juu ya ubao mnene, inua pembe ile pole pole, kidogo kidogo, huku mtu mwingine anajaribu mlango kila mara. Kuna saa ambapo mlango unakubali wenyewe, na wale walioona jambo hili wanajua namna linavyoshangaza: kitu kilichokataa watu wanne sasa kinasukumwa na mkono mmoja. Hapo weka chini yake bloke za sima ao traversi nzee ya reli, na chimba mfereji ili maji ya paa yasirudi fasi ile. Kama pembe ya mbele haitoshi, jaribu ile ya nyuma, upande wa pili kwa mkingamo. Mtu yeyote asiweke mkono ao mguu chini ya kontenere wakati imeshikwa na kriki peke yake. Tani 2 hazisamehe.

Kisha inakuja kazi ya usafi. Kakontwe ni nchi ya mawe ya chokaa. Hata wataalamu wa mawe wameita tabaka moja kubwa la chokaa kwa jina la Kakontwe, na jina hilo linatumiwa mpaka Zambia. Vumbi nyeupe ya chokaa na ile nyekundu ya barabara vinaingia ndani ya bawaba. Wengi wanamwaga humo mafuta machafu ya motere. Kwa siku tatu mlango unakuwa mwepesi, kisha vumbi inashika mafuta na kugeuka sima nyeusi. Vizuri ni kusugua kwanza kutu na brosi ya chuma, kutia mafuta mepesi yanayopenya, kuchezesha mlango mara mingi, na mwishoni kupaka grese safi kwenye bawaba na kwenye meno. Mara mbili kwa mwaka, mbele ya mvua na kiisha mvua, inatosha.

Ule mpira mweusi unaozunguka mlango, hapo grese hapana. Mpira wa namna hii, mafuta ya petroli yanauvimbisha na kuulainisha mpaka unapasuka. Uoshe na maji na sabuni, ukauke, basi. Ukipasuka fasi moja, maji yanaingia pole pole, na mwenye depo atajua siku anabeba mfuko wa sima na kukuta ni jiwe.

Kwa wale wanaofungua kontenere iliyotoka safari, mambo ni mengine. Mlango wa kuume ndio unafunguka wa kwanza, kwa sababu ukingo wake unalala juu ya ule wa kushoto. Wakati wa kufunga ni kinyume, wa kushoto unatangulia. Kabla ya kuvuta mkono, lazima kujua kwamba barabara inasogeza mizigo. Mifuko ao mapipa yanaweza kuwa yameegemea mlango, na siku unafungua, yanakufuata. Fungua kidogo, simama upande wa bawaba, chungulia, ndipo uendelee. Milango ikiwa wazi, ifungwe na mnyororo ao kamba kwenye ubavu wa kontenere, kwa sababu ule upepo unaotangulia mvua ukiusukuma mlango wa chuma wa zaidi ya mita 2, hakuna mtu wa kuushika. Vidole vingi vimebaki kwenye milango namna hiyo. Na kama kontenere ilibeba dawa za kiwanda ao iliwekwa moshi wa kuua wadudu, iache wazi hewa igeuke kabla ya kuingia. Kuweka unga wa mahindi ndani ya kontenere isiyojulikana ilibeba nini, ni kucheza na tumbo za watu.

Plombe nayo inadanganya. Wapokeaji wengi wanaangalia kama iko nzima, wanaweka saini. Lakini wezi wa barabarani wana ujanja wa zamani: hawagusi plombe, wanatoa rivete inayoshika mkono wa mlango, wanaiba, wanarudisha rivete ingine na kupaka rangi. Kwa hiyo soma namba ya plombe na kuilinganisha na karatasi, ivute, izungushe, kisha angalia rivete. Rivete yenye rangi mpya juu ya mkono wenye kutu inasema kitu.

Jambo la mwisho ndilo zito. Milango ya kontenere haina mkono kwa ndani. Aliyefungiwa hawezi kujifungua, na mpira ule unaozuia maji unazuia pia hewa. Mwezi wa Machi 2020, katika jimbo la Tete huko Mozambique, walikuta ndani ya kontenere juu ya gari maiti 64 za wasafiri kutoka Ethiopia. 14 tu ndio walikuwa bado wazima. Hao walifichwa kwa makusudi. Lakini mtoto anayecheza kujificha ndani ya kontenere tupu ya uwanja wa jirani, chuma haijui tofauti. Jua la saa sita la Oktoba linageuza sanduku lile kuwa tanuru kwa muda mfupi. Kontenere tupu iliyoachwa wazi, ifungwe na kadena, ao milango yake ifungwe nje kwenye ubavu na waya mnene, isiweze kujifunga.

Mwenye kutumia kontenere kama duka anaweza kumwomba fundi wa kusude aweke komeo la ndani kwenye mlango mdogo wa ubavu. Lakini akikata ubavu, asisahau kuzungusha tundu na fremu ya tubi ya chuma. Ubavu wenye mikunjo ndio unabeba sehemu ya nguvu; ukikatwa bila fremu, paa linashuka kidogo, na milango mikubwa ya mbele inaanza tena kukatala.

Na kwa anayetaka kununua kontenere nzee: aende mchana, jua likiwa kali. Afungue na kufunga milango yeye mwenyewe, bila msaada wa muuzaji. Kisha aingie ndani, mwenzake amufungie kwa dakika moja na abaki ameshika mkono wa mlango bila kuondoka. Kila tundu la kutu na kila fasi mpira umekufa vitaonekana kama nyota.