Shahada ya Kifaransa: Masharti yanayomkabili kijana wa Lodwar na Kakuma

MTU atembeaye katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma hasikii Kiturkana, Kisomali na Kiarabu pekee. Tangu kambi hiyo ilipofunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliotoroka vita nchini Sudan, imewapa hifadhi pia watu wengi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Burundi, ambako masomo ya sekondari hutolewa kwa Kifaransa. Mjini Lodwar, umbali wa kilomita 120 hivi, hali ni kinyume. Huko kijana aweza kumaliza Kidato cha Nne bila kufundishwa hata siku moja na mwalimu wa lugha hiyo.

Vijana hawa wawili wanapouliza jinsi ya kupata shahada ya Kifaransa, huelekezwa kwenye mlango mmoja. Mmoja ana lugha lakini cheti chake hakieleweki ofisini. Mwenzake ana cheti kinachoeleweka lakini hana lugha. Masharti ya vyuo vikuu hayakutungwa kwa kumfikiria yeyote kati yao.

Sharti la kwanza nchini Kenya linajulikana: alama ya wastani ya C+ katika mtihani wa KCSE. Pasipo alama hiyo, idara inayowateua wanafunzi wa vyuo vikuu, KUCCPS, haimpi mtahiniwa nafasi ya shahada. Baada ya hapo huangaliwa masomo manne yanayohusiana na kozi anayoitaka, ambayo alama zake hupigwa hesabu hadi kufikia upeo wa pointi 48.

Wengi hukwama katika hatua hii ya pili. Kozi ya Kifaransa kwa kawaida humtaka mwanafunzi awe amelifanya somo lenyewe katika KCSE na kulipita vyema. Lakini Kifaransa ni somo la hiari, na kwa miaka mingi limestawi zaidi katika shule kubwa za mijini zenye walimu wake. Mtihani una sehemu ya mazungumzo ya ana kwa ana na mtahini, kwa hivyo haiwezekani kujifungia na kitabu miezi mitatu kisha kutumaini bahati.

Hapa inafaa wazazi wazingatie kwamba mfumo wenyewe unabadilika. KCSE ya mwisho chini ya mfumo wa 8-4-4 imepangwa kufanywa mwaka 2027. Wanafunzi walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 huchagua mkondo wa masomo, na lugha za kigeni zimewekwa katika mkondo wa sayansi za jamii. Mtoto anayeota kusomea Kifaransa chuoni hana budi kuuliza mapema iwapo shule aliyopangiwa inalifundisha somo hilo. Orodha ya masomo kwenye karatasi ni jambo moja. Mwalimu darasani ni jambo jingine.

Kwa mkimbizi kuna njia mbili, na zote zina miiba. Aliyesomea kambini amefuata mtaala wa Kenya na kufanya KCSE kama Mkenya mwingine yeyote, hivyo alama zake hazihitaji kufasiriwa. Ila huenda Kifaransa anachozungumza nyumbani na mamake hakimo katika cheti chake. Aliyekuja akiwa amemaliza shule kwao huleta cheti kiitwacho Diplôme d'État, ambacho Wakongo hukipata baada ya mtihani wa taifa mwishoni mwa sekondari. Cheti hicho sharti kilinganishwe rasmi na kiwango cha Kenya kabla ya chuo kukipokea. Baraza la Mitihani ya Kitaifa (KNEC) limekuwa likifanya kazi hiyo ya kulinganisha vyeti vya sekondari vya kigeni kwa miaka mingi.

Tatizo ni kwamba watu hawakimbii vita wakiwa wamebeba faili. Karatasi iliyoachwa Uvira au Bukavu haipatikani kwa barua moja tu. Tena, hata akiwa nayo, mwombaji hudaiwa athibitishe Kiingereza chake, kwa sababu karibu masomo mengine yote chuoni hufundishwa kwa lugha hiyo. Kuna kinaya hapa: Mkongo aliyebobea katika Kifaransa aweza kukosa nafasi ya kusomea Kifaransa kwa sababu ya Kiingereza.

Mitihani ya DELF na DALF, ambayo hutolewa na wizara ya elimu ya Ufaransa, husaidia kuziba sehemu ya pengo hilo. Nchini Kenya hufanywa kupitia Alliance Française, ambayo ina vituo Nairobi na Mombasa. DELF ina ngazi nne kuanzia A1 hadi B2, na DALF ina C1 na C2. Kila mtihani kuanzia A1 hadi C1 una sehemu nne za alama 25 kila moja: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Mtahiniwa hupita akipata 50 kwa 100, mradi asipate chini ya 5 katika sehemu yoyote. Cheti chake hakiishi muda.

DELF haiondoi sharti la C+. Hata hivyo, humpa mwombaji ushahidi wa maandishi kuhusu lugha aliyojifunzia nyumbani. Kwa mwanafunzi wa Lodwar anayeanza sifuri, makadirio ya kawaida ni kwamba B2 huhitaji saa 560 hadi 650 za masomo kwa jumla. Akisoma saa sita kwa wiki bila kukosa, hiyo ni takriban miaka miwili.

Mjini Lodwar kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Lakini idara zenye mizizi mirefu katika Kifaransa ziko mbali: Nairobi, Kenyatta, Maseno na Moi. Masomo huchukua miaka minne. Mwanafunzi hupitia fonetiki, sarufi, tafsiri na historia ya ustaarabu wa Kifaransa, pamoja na fasihi. Katika fasihi huenda akakutana na Ferdinand Oyono wa Kamerun na Mariama Bâ wa Senegali, ambao wasomaji wetu wengine waliwajua kwanza kwa tafsiri za Kiswahili. Alama ya kupita katika vyuo vingi vya umma ni 40, na daraja la kwanza huanzia 70.

Anayetaka kuwa mwalimu awe macho zaidi. Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) humtaka mwalimu wa sekondari awe na masomo mawili ya kufundisha, na awe alipata angalau C+ katika kila moja kwenye KCSE. Mtu aweza kuhitimu chuoni kwa heshima kisha akagundua kuwa cheti chake cha Kidato cha Nne kimemfungia mlango wa ajira. Ni heri kuliangalia hili kabla ya kulipa karo ya muhula wa kwanza.

Kuhusu fedha, Mkenya aweza kuomba mkopo wa HELB, mkimbizi hawezi. Kwake kuna ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa msaada wa serikali ya Ujerumani na husimamiwa na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR. Kuna pia mpango wa shirika la WUSC unaowapeleka wanafunzi wakimbizi Kanada. Nafasi ni chache, na ushindani ni mkali. Ufaransa yenyewe humtaka mwombaji wa shahada ya kwanza awe na B2 kwa kawaida. Shahada hiyo huchukua miaka mitatu, na mwaka 2019 ada ya wanafunzi kutoka nje ya Ulaya iliwekwa kuwa yuro 2,770 kwa mwaka, nayo imepanda kidogo tangu hapo. Baadhi ya vyuo huipunguza.

Je, kazi ipo? Mwaka 2021 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliidhinisha Kifaransa kiwe miongoni mwa lugha rasmi, na mwaka uliofuata Kongo ikajiunga rasmi. Hapo Kakuma penyewe, kitengo cha InZone cha Chuo Kikuu cha Geneva kiliwahi kuwafunza wakimbizi ukalimani, kwa kuwa mashirika ya misaada hayawezi kuhudumu bila watu wa kufasiri.

Mkimbizi aliyepata barua ya chuo angali na hatua moja: kibali cha kutoka kambini. Aanze kukiomba siku ile ile anapopokea barua hiyo, kwani tarehe ya kuripoti chuoni haimsubiri mtu.