Je, Wajua? Utando wa buibui huipa ilimba mvumo wake

Ilimba ya Wagogo wa Dodoma ni kasha la mbao lenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Kwenye tundu la kasha hubandikwa utando wa buibui. Ulimi ukilia, utando hutetema na kuongeza mvumo juu ya sauti. Mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliufikisha mvumo huo kwenye majukwaa ya Ulaya.

Bafa ya valvu, kifaa kinachounganishwa kati ya mashine ya CD na amplifaya, hufanya jambo linalokaribia kazi ya utando huo. Haikuzi sauti, bali huiongezea vivumo hafifu, hasa kile cha oktava moja juu, na muziki husikika mnene. Hufaa zaidi pale mashine inapotoa mkondo dhaifu au waya unapokuwa mrefu.